Swabur Alipoingia Mitara

Mume wangu Swabur hajui kusema hapana. Neno hilo lilimpita pembeni tangu utotoni, badala yake akaokota "sawa" mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Busia watu wameeneza kwamba mimi Fauziya, muuza madera na leso, nilikwenda Tororo kupigana na wanawake waliosoma. Sikupigana na mtu. Nilipaza sauti, basi, na sauti yangu ni hii hii niliyozaliwa nayo.

Hebu mumjue mtu mwenyewe kwanza. Swabur amezaliwa hapa hapa, upande wetu wa Uganda, mtoto wa marehemu mzee Badiru aliyekuwa akiendesha malori ya wafanyabiashara. Alikulia kwenye foleni ya malori ya mpakani, akajua breki kabla ya kujua kusoma. Watu walimpenda kwa sababu ukimtuma anakwenda. Wa kushoto akimtuma anakwenda, wa kulia akimtuma anakwenda, na jioni ukimuuliza amemaliza kazi ya nani, za wote bado. Mtaani walimwita Swabur Sawa, na wengine mpaka leo hawajui jina la baba yake.

Kabla hatujaoana, rafiki zake wawili walimwomba kila mmoja amsimamie kwenye harusi. Mmoja alikuwa anaoa Busia ya huku, mwingine Busia ya Kenya, Jumamosi moja, saa zile zile. Akawaambia wote sawa! Siku hiyo alishinda anavuka mpaka na suti yake nyeusi, anakula wali huku, anakwenda kupigwa picha kule, anarudi kushika pete huku. Askari wa mpakani wakamuuliza hiyo suti ni biashara gani, mbona inapita kila mara na hailipiwi ushuru. Nimeziona picha. Kwenye harusi moja anatiririka jasho, kwenye ya pili ana kiatu kimoja.

Mtaniuliza mtu kama huyo nilimpendea nini. Nilimpenda kwa sababu ni mpole, na kwa sababu ya sharti moja. Mama yangu aliolewa mke wa pili, ng'ambo ile ya Kenya. Nimekua nikimwona anavyokaa kizingitini siku isiyokuwa yake, anajifanya anachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Na siku yake ikifika, baba anakuja amechoka, anakula, analala. Nilimchukia baba kwa hilo, nalisema wazi. Basi Swabur alipoleta posa nikamwambia mbele ya wazee wake na wangu: siku utakayoingia mitara, ukaniletea mke mwenza, mimi natoka, na sitarudi hata uje na mji mzima kunibembeleza. Akasema sawa. Katika sawa zake zote, hiyo ndiyo niliyoipenda.

Sasa kazi yake. Swabur ni dereva wa kituo kimoja cha utafiti wa mihogo kule Tororo. Msicheke. Kuna watu wamesoma mpaka wameota mvi kwa ajili ya muhogo. Kuna ugonjwa unaitwa batobato, majani yanajikunja, mizizi inakuwa myembamba kama vidole vya mgonjwa, nao wanatafuta dawa. Swabur anawapeleka mashambani, anawarudisha, na muda uliobaki anaosha gari. Kila jioni alikuwa anarudi nyumbani Busia, anakula chakula changu kikiwa moto.

Mpaka mkurugenzi wao, Dokta Ochwo, alipokwenda semina Ulaya akarudi na maarifa. Haya ninayowaambia sasa mimi niliyajua baadaye, lakini nawapa mapema ili mcheke vizuri. Zamani pale kituoni kila mtu alikuwa na mkubwa mmoja. Madereva walikuwa wa Norah Nanjala, mkuu wa usafiri, mama wa Kisamia mwenye mwili na sauti. Mkurugenzi akaitisha mkutano, akasema mambo hayo ni ya kizamani. Kuanzia sasa kila mfanyakazi atakuwa na wakubwa wawili: mkuu wa idara yake, na mkuu wa mradi anaofanyia kazi. Wote wawili wana haki juu yake. Mpango huo, akasema, unaitwa matriksi.

Sasa fikirieni. Mkurugenzi ni Mjapadhola, Kiingereza chake anakipitishia puani, na siku hiyo jenereta lilikuwa linanguruma chini ya dirisha. Madereva walikaa nyuma kabisa, kama kawaida yao. Wao walichosikia ni mitara. Na alipoanza kueleza, kwamba ni mtu mmoja na wawili wenye haki juu yake, wanampata kwa zamu, na lazima pawe na uadilifu ili pasitokee wivu, madereva wakaitikia kwa vichwa. Aaa, mitara! Si angesema tu tangu mwanzo? Kutoka siku hiyo, wapishi, wafagiaji, walinzi, wote wakawa wanaiita mitara, na hakuna aliyegundua kosa kwa sababu kila kitu kilikuwa kinalingana.

Swabur akapata wakubwa wake: Norah wa zamani, na mpya, Dokta Joanita Abbo, anayeongoza mradi wa batobato kule Petta. Sasa angetakiwa kulala Petta siku kadhaa kila wiki. Je, aliniambia? Thubutu! Aliogopa. Alijua nitauliza maswali, na Swabur akiulizwa maswali tumbo linamuuma.

Basi jioni moja, maghribi bado haijaadhiniwa, niko jikoni nakaanga samaki. Swabur amesimama nje karibu na pipa la maji, simu sikioni. Dirisha liko wazi. Nikasikia hivi, na nawasimulia neno kwa neno kwa sababu yaliniingia kama sindano:

"Ndiyo, mama... Wewe ndiye mkubwa, nani amekataa?... Lakini na yule naye ana haki yake. Si tumeshaingia mitara? Mkurugenzi ametangaza mbele ya watu wote... Jumatatu na Jumanne niko kwako. Jumatano nakwenda kulala Petta, kwa Daktari... Ndiyo, kitanda kiko, ameshanunua na godoro... Mke wangu? Hapana, bado sijamwambia. Atanichinja."

Mwiko ukanidondoka. Samaki waliungua mpaka jirani akauliza kuna nini. Nami nasema peke yangu: wawili! Si mmoja, wawili! Na mmoja wao daktari! Na mkurugenzi ndiye aliyewaozesha!

Mnajua hasira zangu. Siku nyingine ningetoka na kikaango. Lakini haya hayakuwa ya kikaango. Niliogopa, ndiyo ukweli. Niliogopa kumuuliza nikasikia ndiyo. Nikampakulia, nikakaa mbele yake.

"Baba Nasru, kazini kuna jipya?"

"Hakuna, Mama Nasru."

"Hakuna kabisa?"

"Mambo ni yale yale." Akameza mwiba, akaanza kukohoa machozi yakimtoka. Nikamtazama tu. Sikumpiga mgongo wala sikumpa maji.

Jumatano asubuhi akafunga begi: shuka, chandarua, na mswaki mpya. Mswaki mpya! Mimi miaka yote nimeishi na mswaki wake uliochanua kama ufagio, leo amekumbuka meno. Akaniambia kazi ni nyingi, huenda akalala shambani. Nikamwambia nenda salama. Alipopinda kona tu nikapiga simu kwa shangazi Zainah.

Shangazi Zainah ni dada wa baba yangu, na katika mambo hayo ni profesa. Alikuwa mke mkubwa, akaletewa mdogo, na yule mdogo hakumaliza Ramadhani ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usilie. Machozi yanawanenepesha wake wenza. Kesho tunakwenda Tororo kuwaona kwa macho. Na uvae."

Nikavaa. Dera la hariri la rangi ya zambarau ambalo sijawahi kumuuzia mtu, hereni za dhahabu, udi mpaka kwenye kope. Shangazi alivaa viatu vya kukimbilia, sikumuuliza sababu. Tukafika kwenye geti la kituo, tukamkuta mlinzi, mzee Rasto, ameshika tama.

"Tumekuja kuwaona wakubwa wa Swabur," nikamwambia. Nilisema hivyo ili nisijishushe, lakini mzee akashusha pumzi.

"Wote wawili wako ndani. Toka asubuhi nagombania yeye. Huyu navuta, ule navuta. Mpaka mkurugenzi iko katikati."

"Wanamgombania mume wangu mchana kweupe?"

"Kwani ni leo tu? Kila siku."

"Na yeye yuko wapi?"

"Iko nyuma ya stoo, nalala chini ya gari. Nasema natengeneza, lakini gari haina shida." Akatikisa kichwa. "Mama, hii mitara itatumaliza. Hata mimi wamenipa wawili."

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe, mzee? Si Mkristo wewe?"

"Mimi mulokole, nimeokoka! Lakini hapa dini hawaangalii. Kila mtu wawili. Hata Benedeta, mwenye kufagia, wamempa wawili. Wanaume."

"Astaghfirullah!" Shangazi alishika geti asianguke. "Mwanamke mmoja, wanaume wawili?"

"Na wote nataka afagie kwao kwanza," mzee akasema kwa huruma.

Tukaingia. Njiani shangazi alikuwa anasema chini chini, mji huu ukipigwa na radi nisishangae. Mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa wazi, na sauti zinatoka mpaka uani.

"Jumatano ni yangu! Tulikubaliana mbele ya mkurugenzi! Nimekaa Petta nimetayarisha kila kitu, namsubiri, kumbe yuko Masafu kwa shughuli zako! Amenifikia jua limeshazama!"

"Hata kama ni yako! Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa naye kabla wewe hujafika hapa. Nikimtaka, namwita!"

Shangazi akachungulia. "Mkubwa ni huyo mnene," akaninong'oneza. "Mdogo ni mwenye miwani. Anza na mdogo, mkubwa atakuunga mkono."

Nikaingia bila hodi. "Asalaam aleikum. Mimi ndiye Fauziya, mke wa Swabur. Yule wa nyumbani."

Wakageuka. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu na ubao, kalamu mkononi, tai imekwenda upande. Badala ya kuona aibu, uso wake ukachangamka.

"Karibu mama! Umefika wakati mzuri. Tunaongea juu ya bwana yako, namna ya kumgawa."

Kumgawa! "Daktari wa Petta ni yupi?"

"Ni mimi. Joanita Abbo." Mwenye miwani akaninyooshea mkono. Sikuugusa.

"Wewe ndiye uliyemnunulia mume wangu godoro?"

"Ndiyo," akajibu, hana hata wasiwasi. "La kwanza lilikuwa jembamba, alipolijaribu tu akalalamika mgongo."

Nikaona giza. Shangazi nyuma yangu alikuwa anavua viatu, kisha akakumbuka ni vya kukimbilia, akavivaa tena. "Binti yangu," akamwambia Joanita, "na elimu yote hiyo, umekubali kuwa wa pili?"

"Mimi kuwa wa pili sina shida, mama. Shida ni huyu wa kwanza. Hataki kumwachia."

"Nimwachie vipi?" Norah akaruka. "Kila akitoka kwako anarudi hoi! Juzi amerudi tairi mbili zimepasuka!"

Mimi na shangazi tukatazamana.

"Tairi?" nikauliza.

"Tairi. Za nyuma."

"Za nini?"

"Za gari, mama. Kwani wewe unaongea juu ya nini?"

"Mimi naongea juu ya mitara!"

"Hata sisi," mkurugenzi akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Matriksi. Iko hapa kwa ubao." Akasogea pembeni nikaona. Ubao mzima ulikuwa visanduku na mishale. Katikati kisanduku kimoja kimeandikwa DEREVA, mshale mmoja unakishukia kutoka kwa idara, mwingine unakiingia ubavuni kutoka kwenye mradi.

Norah ndiye aliyeelewa kwanza. Macho yakamtoka, akashika tumbo, na kicheko kilichomtoka kilifukuza njiwa juu ya bati. Benedeta aliyekuwa anafagia mlangoni akaangusha ufagio. Dokta Joanita yeye hakucheka mara moja. "Mume wako? Mimi?" akasema, sauti imepanda. "Mama, mimi nina mume wangu Petta, na huyo mmoja ananitosha mpaka nimechoka! Mimi nilitaka gari! Dereva bila gari simchukui hata bure!" Halafu naye kikamshinda, akavua miwani akajifuta.

Wakatuma mtu akamtoe Swabur chini ya gari. Akaingia na majani mgongoni, akaniona, akataka kurudi alikotoka. Benedeta akamzibia mlango kwa ufagio.

"Swabur," mkurugenzi akamuuliza, "hii mpango yetu wewe unaita nini?"

"Mitara, mkurugenzi."

"Nani alisema mitara?"

"Si wewe? Ulisema mtu mmoja, wawili wana haki juu yake, kwa zamu, na uadilifu." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani kuna mitara nyingine?"

Mkurugenzi akaketi. Nilimwonea huruma, wallahi. Alikwenda Ulaya kwa ndege kujifunza kitu ambacho baba yangu alikifanya vibaya pale ng'ambo bila semina yoyote.

Mnadhani niliona haya? Labda kidogo, shingoni. Zaidi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku zote hizo nimebeba jiwe kifuani, sasa limeshuka, miguu ikawa myepesi. Mume wangu ni wangu. Nikageuka kumwambia shangazi twende zetu, na hapo macho yangu yakaangukia upande wa pili wa ubao. Walikuwa wameandika siku. Jumatatu na Jumanne, idara. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, mradi, kulala Petta. Jumamosi, ripoti na matengenezo ya gari.

Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma tena. Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Mkurugenzi," nikasema, "na mimi niko wapi hapo?"

"Wapi wapi, mama?"

"Hapo ubaoni. Huyu ana mshale, na yule ana mshale. Mimi niko wapi? Mama yangu alikuwa mke wa pili, na alikuwa na siku zake, zinajulikana. Mimi niliyeapa kuolewa peke yangu, siku nzima niliyobakiwa nayo ni Jumapili, na Jumapili huyu analala kama gogo kwa uchovu. Basi tofauti yenu na mke mwenza ni nini?"

Norah akaangalia chini. Dokta Joanita alikuwa anafuta miwani ambayo ilikuwa safi.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Alifikiri, akainuka, akachora kisanduku kidogo pembeni kabisa, akaandika FAMILIA, akakiunganisha na cha Swabur kwa nukta, nukta, nukta. "Tunaweza kukuweka hivi, mama. Hii ni mstari wa nukta. Maana yake wewe unahusika, lakini hutoi amri."

"Nukta? Mimi niliyemzalia, nukta?"

"Makubwa!" Shangazi akadakia. "Hata yule mke mdogo niliyemfukuza mimi alikuwa mstari mzima!"

Nikamgeukia Swabur. Alikuwa ameshikilia funguo za gari kwa mikono miwili, anazungusha zungusha. "Baba Nasru," nikamwambia, "sema mwenyewe. Leo sikusemei." Sikupaza sauti. Nilikuwa nimeshaamua, na yeye alinisoma usoni. Akiwaambia sawa, narudi Busia nafunga nguo zangu, mke mwenza awe mtu au awe mradi. Kwangu ilikuwa mamoja.

Akamtazama Norah. Akamtazama Dokta Joanita. Akamtazama mkurugenzi. Mdomo ukafunguka. "Sa..." akaanza.

Chumba kizima tulijua neno linalofuata. Likamkwama. Akafumba mdomo. Kisha akaenda mezani, akaweka funguo.

"Hapana," akasema. Ilitoka ndogo, imepasuka, kama sauti ya mtu anayebalehe. Akaisema tena. "Hapana, wakubwa wangu. Ijumaa nikishatoka kuswali msikitini mpaka Jumapili usiku, mimi ni wa Mama Nasru. Muhogo utanisubiri. Kama haiwezekani, funguo ni hizi."

Kazi hiyo anaipenda, na gari lile analiosha kama mtoto. Nikatamani kumshika, ila nikabana, kwa sababu ningemgusa tu ningelia mbele za watu.

Mkurugenzi akajikuna kidevu. "Swabur, hii ni kukataa kazi. Kwa kukataa kazi, mtu nafukuzwa. Lakini," akageukia ubao, "kwa utaratibu mpya, kufukuza mtu lazima wakubwa wake wote wawili wakubaliane. Norah, unasemaje?"

"Nimfukuze? Na Jumatatu nani atakwenda Masafu? Mimi nasema apewe hiyo Ijumaa, kwani ni siku yangu?"

"Huwezi kutoa Ijumaa yangu!" Joanita akainuka. "Apewe onyo."

"Onyo ni la idara, si la mradi!"

"Basi apewe Jumanne badala yake!"

"Jumanne yangu? Kamwe!"

"Na kumpa hiyo ruhusa?" mkurugenzi akauliza, ameshaanza kuchoka.

"Pia lazima tukubaliane," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana. Wakaendelea. Mkurugenzi alikuwa anachora mishale mingine midogo midogo, anaifuta. Swabur akasubiri kidogo. Kisha akaziokota funguo zake pole pole, akanishika mkono, tukatoka, na shangazi nyuma akiwaambia wagawane salama.

Shauri hilo halijaisha mpaka leo. Wamekaa vikao. Norah akikubali Joanita anakataa, Joanita akilegea Norah anakumbuka mambo ya tairi. Hakuna aliyempa Swabur ruhusa, na hakuna aliyemnyima.

Ijumaa iliyopita alirudi mchana, kanzu imeloa jasho la njiani, akavuta kigoda akakaa nami uani tukamenya viazi. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akalitazama jina, na mimi nikaacha kisu nikamtazama yeye. Ikakatika. Ikalia tena, safari hii jina la mkubwa yule mwingine. Swabur akaiweka juu ya pipa la maji, akaiacha ilie, akachukua kiazi kingine. Jicho moja liko kwenye simu, na maganda anayatoa manene, anapoteza nusu ya kiazi. Nilivuta kigoda changu karibu naye mpaka magoti yetu yakagusana, nikajiona bi harusi mzima.